Inchi Mbili

Siku wanafunzi walipokuja Kimbo, hapo Ruiru, kupimwa nguo, Mishi aliamka kama mtu anayetarajia posa. Alifagia chumba na veranda, akapika mandazi ya iliki, akachemsha chai ya maziwa birika tele, akamvisha Safaa gauni la Idi. Safaa alikuwa na miaka miwili na gauni lenyewe alilipaka uji kabla ya saa nne, lakini hata hilo halikumuudhi mama yake. Muzammil, mumewe, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufundi huko Thika, na kwa muda wote huo hakuna mwanafunzi mwenzake aliyewahi kukanyaga pale Ruiru. Mishi aliwajua kwa majina tu, jinsi unavyowajua watu wa redioni.

"Mtoto wacha nimpeleke hapo jirani kwa Wakonyo," Muzammil alisema akimnyanyua Safaa. "Atatusumbua na vitambaa."

"Wamuone kwanza basi."

"Watamuona siku nyingine. Na tutakaa hapo kibandani, Mama Safaa. Ndani ni padogo."

Kibanda kilikuwa mbele ya ploti, mabati machache na cherehani moja, na ndicho kilichokuwa kikimlipia Muzammil karo. Mishi akatoa birika na mandazi nje, akatandika kitambaa safi juu ya meza ya kukatia. Roho yake ilikuwa nyeupe kabisa. Ningekuwa hapo ningemshika mkono nimwambie, dada, uliza mtoto anapelekwa wapi na kwa nini. Lakini sikuwapo, na hata ningekuwapo asingesikia.

Wageni walikuwa wanne. Kulikuwa na Eddie, kiongozi wa kundi, kijana mrefu aliyevaa kofia nyuma mbele. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Shiko. Wengine wawili walikuwa wavulana ambao hawakusema neno mpaka mandazi yalipoisha. Muzammil aliwapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni. Jamani, huyu ndiye yule fundi niliyewaambia."

Mishi alikuwa ameshika birika. Alingoja. Alidhani sentensi haijaisha.

"Fundi, sasa!" Eddie akampa mkono. "Muza ametuambia wewe ni moto."

Muza! Mishi akamtazama mumewe. Muzammil alikuwa ameinama anahesabu vikombe, kana kwamba vikombe vitano vinahitaji kuhesabiwa mara tatu. Mishi akamimina chai. Angefanya nini? Ungekuwa wewe ungemwaga birika lote mezani, najua, na mimi pia. Yeye alimimina, akauliza nani hatumii sukari.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chuo kilikuwa kimetangaza shindano la siku ya utamaduni. Kila kundi lichague wimbo unaoonyeshwa kwenye televisheni, kisha liige video yake picha kwa picha, na washindi wapelekwe Nairobi siku nzima wakaone studio. Kundi la Eddie lilichagua wimbo wa mapenzi ambao mwaka ule wa tisini na sita ulikuwa hauishi kwenye skrini kila Jumamosi. Mwanamume wa suruali nyeupe anamtafuta mpenzi wake kando ya ziwa. Mwanamke ana gauni jekundu refu na mtandio kichwani, na unamwona mgongo tu mpaka mwisho, anapogeuka na kuonyesha uso. Mwanamume angekuwa Muzammil. Mwanamke angekuwa Shiko.

"Inua mikono," Mishi alimwambia Shiko, futi ya kupimia ikiwa mkononi.

Shiko akainua. Alikuwa msichana mchangamfu, asiyeweza kutunza siri hata ya dakika tano.

"Ai, fundi, mikono yako ni baridi! Wewe unamjua Muza kitambo?"

"Kitambo kidogo."

"Huyo msee ni mpole, wacha tu. Darasa letu madame wote wanamtaka. Lakini ana maringo, hakuna mtu anajua kwao ni wapi. Mimi nilimwambia, wewe lazima uko na bibi umeficha mahali. Akacheka."

Mishi akaizungusha futi kiunoni. "Akacheka vipi?"

"Kucheka tu. Kwani kuna kucheka kwa aina ngapi?"

Kiuno kilikuwa thelathini. Mishi akaandika thelathini kwenye daftari.

*

Jioni ile, kabla ya magharibi, alimuuliza. Hakupiga kelele. Majirani wa ploti walitenganishwa na ukuta wa mbao na walikuwa na masikio mazuri.

"Baba Safaa, mimi ni fundi wako?"

"Si wewe ni fundi kweli?"

"Usinichezee."

Muzammil akakaa kitandani, akavua viatu. "Ni mambo ya chuo tu, Mishi. Wale ni watoto. Wakijua nina mke na mtoto wataanza kuniita mzee. Wataniweka nyuma nibebe redio, na mwingine achukue nafasi yangu. Shindano likiisha nitawaambia."

"Miaka miwili hujawaambia. Shindano lilikuwa wapi?"

"Ah! Mambo madogo unayafanya mlima."

Basi. Hilo ndilo jibu alilopewa mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa wageni. Kuna wanaume ambao hawajawahi kukupiga hata kofi, na bado unatoka chumbani ukijishika shavu.

Na bado hakuona haya kumwomba msaada. Juma lile lote, kila akirudi kutoka Thika, alimsimamisha Mishi katikati ya chumba awe mwanamke wa video, ili yeye ajifunze. Aliuandika wimbo wote kwenye karatasi, picha kwa picha, kumi na nne kwa jumla, na kwa siku tano Mishi akawa anazijua hatua zake kuliko yeye. Alimshika kiuno, akamzungusha, akamvuta. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye karatasi, na mdomo ulikuwa unahesabu.

"Moja, mbili, tatu, unakuja kwangu. Nne, tano. Hapa unageuka, Shiko."

Wote wawili wakasimama.

"Nimesema Mishi," alisema.

"Umesema Shiko."

"Ni kwa sababu ya mazoezi. Jina la mtu wa hiyo sehemu ni Shiko. Wacha wivu, mama."

Wivu ukiambiwa uondoke, ndio unavuta kiti. Mishi alienda kuangalia ugali, akausonga mpaka ukawa mawe.

*

Wakonyo, jirani aliyeuza mboga na kujua habari za Kimbo yote, ndiye aliyemalizia kazi.

"Nilikaona kale kasichana," alisema siku ya Alhamisi, akiwa amejibanza mlangoni mwa kibanda na Safaa mgongoni. "Haiya! Kamejaa vizuri. Na bwanako atakashika mchana kutwa kwa hiyo video yao huko Theta?"

"Ni mchezo tu, Wakonyo."

"Ni mchezo, eeh. Hata mimi bwanangu alienda kucheza mchezo Nakuru, mpaka leo." Akampa Safaa kipande cha karoti. "Na wewe ndiye unamshonea gauni. Ngai! Ningekuwa mimi ningeweka pini."

"Pini zitaonekana," Mishi alisema, na wote wakacheka.

Lakini Wakonyo alipoondoka, Mishi hakurudi kucheka. Gauni lilikuwa mezani limechorwa chaki, kitambaa chekundu cha kuteleza, kizuri, ambacho yeye mwenyewe hajawahi kuvaa. Alikitazama kiuno. Thelathini. Akaifuta chaki kwa kidole gumba, akachora upya. Ishirini na nane.

Inchi mbili si nyingi. Mtu akipita barabarani huwezi kuziona. Lakini gauni la kubana likikosa inchi mbili, zipu hufika katikati ya mgongo na kugoma, na hapo hata uvute na koleo. Kila fundi pia anajua kwamba kosa kama hilo hurekebishwa. Unageuza nguo ndani nje, unafumua, kwa sababu fundi mzuri huacha akiba ya mshono, inchi nzima kila upande, mteja akinenepa asilie. Mishi alikuwa fundi mzuri. Aliposhona mbavu za gauni lile alichukua mkasi, akaipunguza akiba taratibu kutoka kwapa hadi pindoni, mpaka ikabaki uzi na upana wa njiti ya kiberiti. Vipande akavifagia pamoja na vingine.

Hakuwa na sanamu ya kujaribia nguo, kwa hiyo kila nguo ya mwanamke aliijaribu mwilini mwake. Akalivaa gauni, akajitazama kwenye kioo cha wateja. Lilimkaa kama limeumbwa naye. Aliona raha, nisiseme uongo. Aliona raha, na kidogo akajiogopa.

*

Shamba la mjomba wake Eddie huko Theta lilikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ukilitazama kwa upande ambao ng'ombe hawakuwapo, liliweza kupita kama ziwa. Jumamosi saa tatu kundi zima lilikuwa hapo, na Mishi aliyeleta nguo, pamoja na Nzomo, mpiga picha za harusi kutoka Thika, aliyekodiwa pamoja na kamera yake mpaka saa tisa tu.

Nzomo aliwasomea sheria. "Sina mashine ya kukata na kuunga. Tunapiga kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Nikishapiga, imekaa hapo. Ukitaka kurudia ya sita, utakula na kipande cha saba. Kwa hivyo msikosee."

Kamera ilikuwa na kitufe kimoja. Ukibonyeza inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Kitaa chake chekundu cha kuonyesha kwamba inapiga kilikuwa kimeungua tangu harusi fulani ya Pasaka, lakini Nzomo alisema yeye huisikiliza injini yake kwa sikio, kama vile mtu anavyosikiliza gari lake.

Picha tano za kwanza zilikuwa za wanaume tu, zikaenda vizuri. Nzomo akairudisha kanda, wakachungulia kwa jicho la kamera mmoja mmoja, wakapigana makofi mgongoni. "Sitarudisha tena," Nzomo akasema. "Betri imebaki kidogo."

Halafu Shiko akaenda nyuma ya miti kuvaa.

Alikaa sana. Eddie akaita. Mwishowe Shiko akatoka akiwa ameshika gauni kwa nyuma na mikono miwili, uso umemwiva.

"Fundi, haifungi."

Mishi akaenda. Akavuta zipu mbele ya wote. Zipu ikapanda, ikagoma.

"Vuta pumzi," Eddie alisema.

"Nimevuta!"

"Vuta zaidi."

"Shiko, punguza chapati!" mmoja wa wale wavulana wa mandazi akapaza sauti, na mwenzake akaongeza kwamba wakodishe turubai. Wakacheka, si kwa ubaya mkubwa, jinsi wavulana wanavyocheka. Shiko naye alijaribu kucheka, kisha kidevu kikaanza kumtetemeka.

"Wiki hii sijala vibaya," alisema. "Wallai sijala vibaya."

"Si ufungue kidogo hapo kando, fundi?" Eddie akauliza.

Mishi akaligeuza gauni upande wa ndani kidogo, akawaonyesha. "Hakuna cha kufungua."

Muzammil alikuwa karibu. Aliuona ule mshono. Mwanamume aliyelala miaka minne kando ya cherehani anajua mshono ulionyolewa. Akainua macho akamtazama mkewe, na Mishi akamtazama vilevile.

Ilikuwa saa sita. Shiko alikuwa amekaa chini ya mti amejifunika leso analia. Eddie akazunguka bwawa mara mbili, kisha akasimama mbele ya Mishi, akampima kwa macho.

"Fundi, si gauni linaweza kukutosha wewe? Ni mgongo tu unaonekana. Picha ya mwisho pekee ndiyo ya uso, hiyo tutaweka Shiko, tumfunike na mtandio hapo kiunoni. Wewe unajua hatua?"

"Nazijua," Mishi alisema. "Lakini mimi sichezi mbele ya wanaume."

Akamgeukia Muzammil. Hapa ndipo penyewe. Alimpa mlango wazi kabisa, hata angepita na kabati. Angesema maneno manne tu: huyu ni mke wangu. Mishi angekumbatia aibu yake yote, angekiri la gauni, angemwomba Shiko msamaha papo hapo.

Muzammil akakohoa kidogo. "Fundi, tusaidie tu. Ni mgongo."

Basi Mishi akavaa gauni jekundu, akajifunga mtandio, akacheza.

Na alicheza! Wale waliokuwapo bado wanasema. Mbele ya watu Muzammil hakutazama ukuta. Alimtazama yeye, kwa macho ya mtu aliyepoteza kitu na kukipata, akamshika polepole kana kwamba ni yai. Mishi alisikia joto mpaka visigino. Hakuwa ameshikwa hivyo tangu kabla Safaa hajazaliwa. Katikati ya furaha ile ndipo wivu ukamrudia, mkali kuliko wa kwanza, kwa sababu alielewa kwamba anayeshikwa hivyo si yeye. Ni mwanamke wa video. Alimwonea wivu mwanamke ambaye gauni lake alikuwa amelivaa yeye mwenyewe.

*

Kanda ilipelekwa kwa Mwalimu Kang'ethe, msimamizi wa shindano, jioni ileile, akaifungia kabatini. Maonyesho yalikuwa kesho yake, Jumapili saa nane, katika bwalo la chuo. Eddie alimwalika Mishi kwa moyo wote: "Fundi, usipokuja tutakosana." Mishi akamwacha Safaa kwa Wakonyo, akaja, akakaa safu ya nyuma karibu na wapishi. Shiko alikuwa mbele yake safu tatu. Muzammil alikaa kwenye viti vya wachezaji, na hakugeuka.

Picha tano za kwanza zikapigiwa makofi. Ya sita ikaja: mgongo mwekundu ukitembea kuelekea majini, mtandio ukipepea. Bwalo likatulia. "Huyo ni nani?" mtu akanong'ona. Mishi akainamisha kichwa, akatabasamu mwenyewe.

Kisha skrini ikaonyesha majani. Majani tu, yamelala upande.

"Safi sana!" sauti ya Eddie ikasema kutoka kwenye televisheni. "Hiyo ni fiti kabisa. Fundi, wewe ni hatari!" Ikapita miguu. Mtu akauliza kama soda imebaki. "Haya, ya saba. Tayari? Moja, mbili..." Na hapo ikakatika, yakaja majani mengine. "Safi sana! Hiyo hata imepita ya kwanza!"

Bwalo likaangua kicheko. Nzomo, aliyekuwa amesimama ukutani, alishika kichwa. Alielewa kabla ya wengine. Baada ya ile ya sita, muziki ukiwa juu, alibonyeza ili asimamishe na kitufe hakikushika, naye hakusikia kwamba injini bado inazunguka. Tangu hapo kila alipodhani anaanza, alikuwa anasimamisha, na kila alipodhani amesimamisha na kuiweka kamera kwenye kigoda ili akavute sigara, ilikuwa inapiga. Ngoma yote ilikuwa imepotea. Kilichobaki ni mapumziko.

"Safi sana!" Eddie akasema tena kutoka majanini, na watu wakafuta machozi. Hata Mishi alicheka. Alicheka mpaka alipoona pindo la gauni jekundu na suruali nyeupe vikija kusimama karibu na kigoda, na akakumbuka ni mapumziko gani hayo. Ni yale ya mwisho. Shiko alikuwa nyuma ya miti akingoja kuletewa gauni kwa ajili ya picha ya uso.

"Umekata akiba ya mshono," ilisema sauti ya Muzammil. Ilikuwa ya chini, lakini kamera ilikuwa karibu.

Suruali nyeupe ikasogea karibu zaidi.

"Nimekaa na wewe miaka minne, Mishi. Najua kazi yako. Umeikata makusudi."

"Nimeikata."

"Yule msichana amelia mbele ya watu!"

"Na mimi nilipolia uliniona? Umeniacha nicheze mbele ya wanaume, Baba Safaa. Nilikutazama nikangoja useme hapana, huyu ni mke wangu. Ukasema nikusaidie."

"Usiniite hivyo hapa. Watasikia."

"Nikuite nani? Muza?"

"Sema polepole, tafadhali. Tumalize hii picha. Tukitoka hapa nitakununulia chochote unachotaka."

"Kwa pesa ya nani?"

"Woiye!" msichana mmoja akapiga kelele gizani, na hakuna aliyemcheka. Eddie akasikika kwa mbali akiita ya kumi na nne, kisha skrini ikawa nyeusi.

Mwalimu Kang'ethe aliinuka akawasha taa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye binti zake, na alikuwa amekunja uso. "Muzammil. Simama. Huyo mama ni mke wako?"

Muzammil akasimama. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Alitazama mlango, akatazama dari, mwishowe akatazama safu ya nyuma.

"Ndiyo, mwalimu. Ni mke wangu."

Watu wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanapigia nini, watu wakikusanyika hupiga makofi tu. Mishi alikaa akingoja ile furaha. Neno alilokuwa akilitaka tangu siku ya birika lilikuwa limesemwa mbele ya chuo kizima, na yeye alijisikia kama mtu aliyeletewa chai baridi. Halafu akamwona Shiko akisukuma kiti na kutoka nje, naye akatoka nyuma yake.

*

Shiko alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwalo, karibu na mfereji wa kunawia mikono.

"Shiko."

"Nikuite nani sasa? Bado fundi?"

"Niite Mishi."

"Mishi, unajua sijakula tangu jana?" Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali alie. "Chakula changu nilimpa rumeti, yule tunalala naye chumba kimoja. Nilisimama kwa kioo nikajiuliza, ni lini nimekuwa hivi? Nikajipima na kamba ya kiatu, nikajipima tena."

"Mwili wako hauna kosa. Kiuno chako ni thelathini. Mimi ndiye nilikata ishirini na nane. Nisamehe."

"Najua. Chuo kizima kinajua." Akaokota jiwe, akalitupa. "Na mimi siku ile nilikueleza kila kitu kama mjinga. Uko na futi shingoni, ungesema tu, huyo ni bwanangu. Ningemtusi mimi mwenyewe, hapo hapo, mbele ya mandazi."

"Nilikuonea wivu."

"Mimi? Hata simtaki! Mimi niko na mtu wangu Kahawa Wendani." Akamgeukia, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Haya, niambie. Mimi umenibana inchi mbili. Yeye umembana wapi?"

Mishi akafungua mdomo. Alikuwa na majibu ya watu wote, tangu Wakonyo hadi wateja wasiolipa. Kwa swali hili ilibidi aseme ukweli tu.

"Yeye nilimshonea ile suruali nyeupe," alisema. "Nikamwachia akiba kila upande, isije ikambana. Jana asubuhi nikampigia pasi."

Shiko akaokota jiwe jingine. Maji yalidondoka kutoka kwenye mfereji. Mlango wa bwalo ukafunguka, wanafunzi wakaanza kumiminika, na katikati yao akatoka Muzammil. Aliwaona wote wawili pale ngazini. Akajinyoosha, akapaza sauti ya kila mtu kusikia.

"Mama Safaa! Twende nyumbani, mama."

Vichwa vikageuka. Mishi hakusogea pale aliposimama.

"Tangulia," alisema.

Muzammil akashuka ngazi mbili, sasa kwa sauti ya chini. "Twende pamoja. Watu wanatutazama."

"Najua wanatutazama. Ndiyo maana umeniita."

Alisimama pale muda, akitafuta pa kuweka mikono. Hakuna aliyemsaidia. Eddie alikuwa anafunga kamba za viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

"Ukifika umchukue mtoto kwa Wakonyo," Mishi alimwambia. "Atakuuliza mke wako yuko wapi. Umjibu wewe mwenyewe."

Muzammil akaenda, akakata uwanja peke yake mpaka langoni. Shiko akasogea kidogo kwenye ngazi, na Mishi akaketi.